Kipimo cha Mkono

...na mkono hautoki, kuingia uliingia vizuri tu, kwa madaha, mbele ya mgeni, nami nikieleza kwa sauti ya mtu aliyetembea dunia, tazama mama, katika nyumba hii kila mtoto alikuwa na kibuyu chake, na mdomo wa kibuyu mama yetu alikuwa akiukata kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe, ili mwenyewe akioshe, mkono wa mwingine haupiti, na hiki ndicho changu, tazama, nikauingiza, ukagoma kidogo kwenye shina la gumba, nikausukuma kama mtu anayejilazimisha ndani ya suruali ya ujana wake, ukapita, nikatabasamu, nikauvuta, nikatabasamu tena, nikauvuta kwa nguvu zaidi, na sasa nimesimama katikati ya sebule ya marehemu mama yangu, mpishi wa meli mwenye mvi kidevuni, nimevaa kibuyu mkono wa kulia kama bondia aliyeishiwa vifaa, na mwanamke wa duka la taa, aliyekuja kununua vibuyu vya kutengenezea taa, ameshika kikombe cha chai nusu ya njia ya kwenda mdomoni, hajui acheke au aite majirani, "kaka, inauma?" hapana mama, haiumi, ni sehemu ya maelezo... na dada yangu huyo, anatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye upindo wa nguo, ananitazama kuanzia mkononi hadi miguuni kisha anarudi mkononi, dada hajawahi kupoteza neno pale ambapo macho yanatosha, "nimenasa," namwambia, "naona," anasema, anarudi jikoni, nadhani ameniacha hapa niwe pambo la nyumba, kumbe amefuata mafuta ya kupikia na mchi, chupa mkono mmoja, mchi mkono mwingine, kama anakuja kunitibu na kuniua kwa safari moja, anavuta kigoda, "kaa chini, bonge," na mimi nakaa mkekani, bonge, jina nililopewa nikiwa bado sijalistahili, nikalifanyia kazi miaka yote hii kwenye majiko ya watu mpaka likanitosha, ndiyo maana mkono hautoki, huu si mkono ule ulioondoka hapa, ule ulikuwa mkono wa kijana anayeosha kibuyu, huu ni mkono wa mtu anayeonja mchuzi kabla, wakati na baada, namwambia mgeni hivyo na yeye anacheka, afadhali, mtu akicheka aibu inapungua uzito, nimeishi kwa kanuni hiyo bandari moja hadi nyingine.

Dada amekibana kibuyu kati ya magoti, anamimina mafuta kuzunguka mdomo, ya baridi, yananitambaa hadi kwenye kiwiko, "legeza," nimelegeza, "hujalegeza, umekaza kama mtu anayeibiwa," dada nimelegeza mpaka roho, "kunja gumba liingie kiganjani," limekunjwa, "siyo hivyo, kama alivyokuwa anatukunja mama," na hapo mwili unakumbuka kabla ya kichwa, mama ameshika mkono wangu, ananikunja gumba kwa gumba lake gumu lenye alama za kisu, anauzungusha ukanda wa jani mbichi pale mkono ulipo mpana kuliko pote, anaukata ukanda kwa meno, anaulaza juu ya shingo ya kibuyu, anachora, anakata, hakuwahi kukosea, alisema mkono wa mtu ndio mlango wake, na kabla ya hapo, miezi kabla, tunda likiwa bado kijani kwenye mmea, laini kama shavu la mtoto, alikuwa analichora kwa mwiba wa ndimu, alama ndogo ya ukubwa wa ukucha, inatoa machozi mepesi, inakauka, inakuwa kovu, halafu kovu linakua pamoja na tunda, linatanuka, mpaka kibuyu kikikomaa alama imekuwa pana kama kiganja, hakuna mtu wa kuifuta, kila mtoto na alama yake, dada alichorewa kitu kama jani, mimi nilichorewa duara, nikiwa na umri wa kuuliza nikamuuliza kwa nini duara, akasema nilikutazama tu mwanangu... "vuta taratibu," navuta, kibuyu chote kinakuja pamoja na mkono, dada anakirudisha kati ya magoti, mgeni ameweka kikombe chini, "si mngekivunja tu jamani, vipo vingi," na mimi kwa ukarimu wa mtu aliyezidiwa nasema vunja dada, kibuyu changu, mkono wangu, hasara yangu, nikifa niandikie aliuawa na chombo, na dada anaunyanyua mchi kutoka mkekani, anaupima uzito, anakigeuza kibuyu atafute mahali pa kugonga, na wavu wa ukili unateleza.

Mama alivisukia vyote wavu wa kuning'inizia, wavu uleule, ukili uleule wa mistari miwili ya rangi, unaanzia shingoni unashuka unafunika tumbo lote, kwa hiyo nilipovikuta juu ya kabati asubuhi hii nilishika cha kwanza chenye shingo ndefu nikasema moyoni changu hiki, hata sikukigeuza, mtu hageuzi kitu chake kuhakikisha... na sasa wavu umeteleza kwa mafuta, kitako kiko wazi, na pale ambapo pangekuwa na duara langu la aibu kuna mistari mitatu inayokutana sehemu moja, imetanuka, imechakaa kidogo, wazi kabisa, mguu wa ndege, na damu yangu yote inashuka kwenda huko mkono ulikonasa, kwa sababu mguu wa ndege ni Njiti, mdogo wetu, alizaliwa kabla ya siku zake, wakamlea kwenye pamba pembeni ya jiko, akabaki mwembamba hivyohivyo mpaka akawa mtu mzima, anatembea kwa kunyanyua magoti kama ndege anayeogopa tope, mama alipompima mkono ukanda wa jani ulibaki mrefu akajifungia kidole, akasema huu mkono utapita popote, na Njiti akacheka, alikuwa na kicheko kinene kuliko mwili wake, tulikuwa tunamuuliza umekiazima wapi, na mimi nimeingiza nyama yangu yote hii kwenye mlango wake, katika nyumba ambayo ungeweza kuvaa viatu vya mwenzako, ungeweza kulala kitandani kwake, ungeweza hata kumla kipande chake cha nyama ukakimbia, lakini kibuyu cha mtu hukigusi kwa ndani... changu basi kiko wapi, najua kiko wapi, kiko jikoni karibu na mtungi, nimekipita tangu nilipofika, dada anawekea maharage, mdomo umepasuka ukashonwa kwa uzi wa katani, duara limepakwa masizi, nilikiona nikasema kibuyu gani hiki kibaya, ndivyo ilivyo kuwa hai, unawekewa maharage.

Njiti aliondoka asubuhi moja na vibuyu mgongoni, amevifunga kwa kamba shada zima, anavipeleka mnadani ng'ambo ya mto, na vikiwa vingi pamoja vinagongana, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango bila haraka, mama akasimama uani akausikiliza mlio mpaka ukaisha, alivyosimulia, mimi sikuwepo, nilikuwa namenya viazi kwenye tumbo la meli, lakini alinisimulia mara nyingi, kila nilipopiga simu, mpaka mlio ukawa wangu, mabomba ya melini yakigongwa na mvuke, ko, ko, nasimama na kisu mkononi, wenzangu wananiuliza kaka vipi, nasema viazi vimenikumbusha mke wa mtu, wanacheka, naendelea kumenya... mnadani hakufika, au alifika, mmoja alisema alimwona, mwingine alisema alimwona ng'ambo nyingine kabisa amepanda lori, mto haukumrudisha, lori halikumrudisha, hata kibuyu kimoja hakikuonekana, na vibuyu huelea, ndicho kitu mama alichoshikilia, angezama vingeelea, vingeonekana, kwa hiyo hakuzama, na mimi nikaichukua hesabu hiyo ya mama nikazunguka nayo, kila bandari nikishuka sitazami nyuso, natazama visogo, kisogo chembamba chenye kishimo katikati, siku moja nilikiona, mtaani, katikati ya watu wanaonunua samaki, nikakikimbiza, mwili huu, na joto lile, nikamshika bega mwenye nacho nikashindwa kusema kwa kuhema, na yeye akageuka, mtu nisiyemjua, mzee kuliko mimi, akanitazama, akavua saa yake akanipa bila kuulizwa, alidhani namkaba, tukabaki tumesimama, mimi nimeshika saa, yeye ameshika kifundo cha mkono kitupu, nikaanza kucheka na kulia, akaogopa zaidi, mwisho tulikunywa chai, nilimrudishia saa, hadithi hii nimeisimulia kwenye meza nyingi na watu wameangua kicheko, lakini huwa sisemi kisogo kilikuwa cha nani.

Dada nilimsimulia, kwa simu, yeye hakucheka, akasema, "amekufa yule, acha kukimbiza visogo vya watu," akakata, na hakuwa mkali, ndicho kilichoniumiza, alisema kama mtu anayekwambia mvua imenyesha huku, na mama alipokufa, mwaka juzi, nikafika vumbi la safari likiwa bado usoni, dada ndiye aliyesimama kuwaambia watu, marehemu ameacha watoto wawili, wawili, nikahesabu kimyakimya, dada, mimi, na pale palipobaki pakawa kama jino lililong'olewa, ulimi hauachi kupapasa, sikumuuliza, ni dada yangu mkubwa, amemuuguza mama peke yake, amesikiliza ko ko ko ile kila jioni na hakuwa na meli ya kukimbilia, ana haki ya kufunga hesabu... na sasa mchi ameushika yeye, kibuyu kiko magotini kwake, alama iko wazi chini ya mkono wake wa kushoto, ameiona, haiwezekani hajaiona, na ni mimi niliyesema vunja, kwa mdomo wangu huu, bingwa wa utani, kibuyu changu hasara yangu, nikitaka kusema usivunje itabidi niseme kwa nini, na nikisema kwa nini nitakuwa nimemtaja, hatujamtaja tangu nifike, tumezungumzia bati, tumezungumzia magoti yake, tumezungumzia bei ya mafuta haya anayonimwagia, "dada," nasema, "mm," anasema, "nadhani mkono unaanza kutoka," na huo ni uongo, hautoki, umevimba, umezidi, naona mapigo ya moyo kwenye kifundo, na mgeni anainama mbele, "eeh, sasa naona vizuri, hii michoro kumbe iko ndani ya ganda lenyewe, shingo yake nayo imekaa, hiki nitakitoboa matundu hapa tumboni, taa ikiwaka ndani, ukuta mzima unajaa nyota," ananionyesha kwa kidole mahali pa tundu la kwanza, na kidole chake kiko kwenye mguu wa ndege.

Dada anavuta wavu juu. Haraka, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala vibaya mbele ya wageni, anavuta ukili, anausawazisha kwa kiganja, halafu mchi, anaulaza chini, anausukuma kwa kisigino, unabingirika chini ya kabati, anasema tu, "tumepindisha, tukigeuze kichwa chini," anakinyanyua kibuyu na mkono wangu unaenda nacho, kiwiko juu, mdomo chini, na humo ndani kitu kinanigusa... kimenigusa kiganja, baridi, kimoja, kikatulia, halafu kingine, juu ya vidole, taratibu, kama mtu anayepapasa kujua kama ni wewe, ncha za vidole vyembamba, baridi, zimelowa, na niko katikati ya sebule mchana kweupe, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya meza, mgeni anakoroga chai, na ndani ya kibuyu hiki mtu amenishika mkono, ananishika kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara, kwa vidole viwili tu kwa sababu mkono mzima alikuwa anaona haya kunipa, Njiti, uko humu, miaka yote nimezunguka na wewe umo humu juu ya kabati, unangoja mtu aingize mkono... navifunga vidole, polepole, nimeshika, na nilichoshika ni kigumu, ni laini kwa juu, kina umbo la yai la njiwa, ni kokoto.

Kokoto. Kokoto za mama za mtoni, alizozichagua moja moja zisiwe na ncha, za kuoshea, kwa sababu kibuyu ambacho mkono wako haupiti unakiosha kwa maji na kokoto, unakitikisa, shaka shaka shaka, zinakwangua ndani, unamwaga, hivyo ndivyo mama alivyokuwa akikiosha cha Njiti, mkono wake haukupita, na kibuyu kisipooshwa ndani kinaota ukungu, kinaanza kunuka, kinaoza kimyakimya huku nje kinang'aa, alikiosha kila mwanzo wa mwezi mpaka alipoanguka... basi kokoto ni za mama, alizisahau, ndiyo, alizisahau humo, narudi kupumua, bonge mzima unaogopa mawe, nitakuja kuisimulia hii, itachekesha, isipokuwa zimelowa, mama yuko ardhini tangu mwaka juzi na kokoto zimelowa, nazigeuza kiganjani, maji yananitiririka kwenye mstari wa mkono, na ukuta wa ndani, sasa naupapasa kwa vidole, sikuwa nimeupapasa, nilikuwa nashughulika kuaibika, hauna vumbi, hauna ukungu, hauna utando wa buibui, ni safi, unyevu, unanuka majivu na maji mapya, umeoshwa, siyo mwaka juzi, umeoshwa juzi, umeoshwa jana... na jana alasiri nimelala kwenye kochi hilohilo, tumbo juu, nikasikia shaka shaka shaka kutoka uani, nikajua ni mama, sikushtuka hata, nikasema moyoni mama anaosha, nikageukia upande wa pili, nilipoamka nikakumbuka mama hayupo, nikaona haya kumwambia dada, atasema umeanza mambo ya uzee, nikatoka nje, hakuna mtu, dada anaanua nguo amenipa mgongo, beseni limeinamishwa ukutani, chini pamelowa, nikasema amefua, nikasema nyumba hii ina mizimu, nitaondoka mapema.

Namtazama mikono. Mikono yake ni mipana kama yangu, sisi wawili tulitoka kwenye tanuri moja, haiingii kwenye mdomo huu ikatoka hata kwa mapipa ya mafuta, kwenye kiganja cha kulia, chini ya vidole, kuna sugu mpya, pale shingo ya kibuyu hulala mtu akikitikisa, mama alikuwa nayo palepale, nilidhani ni ya mama peke yake, anapaka mafuta tena kwenye kifundo changu, pole pole, hanitazami, kichwa kimeinama naona mvi zake zilivyogawanyika katikati, na mimi niliyezunguka dunia nikijiona ndiye pekee anayengoja, mlinzi mkuu wa visogo, nikimhurumia yeye kwamba ameweza kusahau, nikimwogopa na mchi wake... je, angekivunja kweli, sijui, wawili, aliwaambia watu wawili, hao waliokaa mikekani wakingoja kumhesabia wafu wake, labda hakutaka tu wamhesabie na Njiti, nataka kumuuliza, dada tangu lini, dada mama ndiye aliyekuachia au ulianza mwenyewe, dada unaniambia amekufa halafu unaenda uani, maneno yamejaa mdomoni kama viazi vya moto na kwa mara ya kwanza sina utani wa kuyapoozea, nasema tu, "dada," anasema, "legeza," na nimelegea, kweli safari hii, naziachia kokoto zinalia kwenye ukuta, ko, na dada anasikia, vidole vyake vinasimama juu ya mkono wangu, anajua nimezigusa, anajua najua, havijaondoka, vimetulia hapo, na gumba bado limekwama, na mafuta yanadondoka mkekani, na mgeni anafunga mkoba wake, anaweka kikombe kwenye sahani, anasema, "basi mama, vile vya nje vyote nachukua, na hiki nacho, kaka akishatoka, niwekee, nitakifuata Jumamosi," na dada, bila kunyanyua kichwa, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesema mvua imenyesha huku, anasema,

"Hiki kina mwenyewe."